Fedha ya Kurudi

Jumapili, 6 Julai 2025

Kamati ya kumchangia mtoto mgonjwa imeundwa leo baada ya ibada. Mwenyekiti ni mzee wa kitongoji, katibu ni kijana wa duka la dawa, na uhazini nimetwishwa mimi. Mtoto mwenyewe ni wa jirani yangu, binti wa miezi saba. Alipokuwa na wiki tatu alishikwa na homa na degedege, akatibiwa, homa ikaisha. Kisha kichwa kikaanza kukua, mwili ukabaki nyuma.

Ijumaa mama yake alirudi kutoka hospitali ya Kibondo na barua ya rufaa. Nimeisoma mara nyingi. Muuguzi alimpima kichwa kwa futi kamba akapata sentimita 51. Binti wa umri wake huwa karibu na 43. Altrasaundi iliyopigwa kupitia utosini imeonyesha maji yamejaa ndani ya vyumba vya ubongo. Rufaa ni ya Bugando, Mwanza, na daktari ameandika neno "haraka" na kulipigia mstari.

Nimempakata. Ukitaka kumwinua lazima kiganja kitangulie chini ya kisogo, maana uzito wote uko huko. Ngozi ya paji imevutika hadi inang'aa, mishipa inaonekana, na macho yameelekea chini kiasi kwamba weupe unaonekana juu ya mboni. Nilipomwita aliyazungusha akitafuta sauti imetoka wapi. Kwenye kikao kuna mtu aliuliza kama bado kuna cha kuokoa. Nataka jibu libaki hapa kwa maandishi: kipo. Anasikia, anatafuta, na akipewa kidole anakishika.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Tumeanza hesabu kwa kadi ya bima. Baba mtoto alilipia CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na kadi iko hai. Imewafaa zahanati, imewafaa Kibondo. Lakini mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni kule Kigoma mjini. Mwanza haifiki. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, nasi tunaisubiri ifike huku. Maji ya kichwani hayasubiri.

Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini inaweza kutoa msamaha kwa asiyejiweza, kwa hiyo mtendaji wa kijiji ameandika barua. Nimeisoma, ni nzuri, imetaja ekari moja ya muhogo na watoto wanne. Hata hivyo hakuna dirisha la msamaha wa nauli, wala wa sahani ya wali ya mama anayelala wodini na mtoto, wala wa siku ambazo baba hatalima. Tumeweka lengo la 1,800,000, na nilipogawa nikaona zaidi ya nusu ni ya mambo hayo.

Jambo moja linanikera na nimelisema kikaoni. Kitongoji chetu kina daftari la msiba. Mtu akifa, kabla ya jua kuchwa kila kaya imeshatoa mahindi, kuni na fedha, na asiyetoa anajulikana. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na kosa gani. Mtoto aliye hai tunamfanyia upelelezi kwanza. Nimefungua daftari jipya, nikaandika juu: Daftari la Ugonjwa. Mwenyekiti ameligonga mhuri.

Alhamisi, 10 Julai

Katibu alitaka tupige picha ya mtoto, kichwa wazi, tuitume kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Waha walioko Dar es Salaam, Mwanza na Kahama. Ana hoja: picha inatoa watu fedha haraka kuliko barua. Nimepinga, na wenzangu wawili wameniunga mkono. Tukaona tumuulize mama mwenyewe.

Mama mtoto alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua uso. Akasema, "Mwalimu, huyu akipona atasoma hapahapa kwako. Wenzake wataikuta hiyo picha."

Mjadala ukaisha. Tunatuma barua ya mtendaji yenye mhuri, namba moja ya simu ya kupokelea, na jina langu kamili kama lilivyosajiliwa kwenye namba hiyo. Tutapata pungufu ya ambavyo tungepata kwa picha. Niko tayari kutembea nyumba kwa nyumba kufidia pengo hilo.

Leo pia mmoja wa wanaowania udiwani ametuma mtu: yuko tayari kutoa fedha nzuri, akabidhi mbele ya watu, mama akiwa amembeba mtoto. Mwenyekiti alimjibu kwa adabu kwamba daftari liko wazi kwa kila mwananchi, aje asaini mstari wake kama wengine. Mpaka naandika hajaja.

Jumamosi, 12 Julai

Neno la leo lilikuwa India. Mzee mmoja anayeheshimika sana amesema tusimchezee mtoto, tukusanye fedha nyingi apelekwe India akawekewe mpira wa Ulaya, huu wa hapa ni wa bei poa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Namwelewa. Kwa miaka mingi tumesikia kwenye redio kwamba mwenye ugonjwa mkubwa anapelekwa India, tukaamini ubongo hautibiki kwingine.

Bahati nzuri alikuwepo tabibu wa Kibondo, kijana aliyekaa Mwanza wakati wa mafunzo. Akatueleza taratibu. Kinachowekwa ni mpira mwembamba, madaktari wanauita shanti. Ncha moja inaingia kwenye chumba cha ubongo chenye maji, mpira unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, na ncha ya pili inaishia tumboni, ambako mwili unayafyonza maji. Katikati kuna vali inayozuia yasirudi wala yasitoke kwa kasi. Kisha akasema kitu ambacho nimekinakili neno kwa neno nikaenda kukihakiki usiku. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alilinganisha mipira ya aina mbili kwa watoto 195: mmoja wa Chhabra, unaotengenezwa India, wa dola 35, na mwingine wa Codman-Hakim, wa dola 650. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baada ya mwaka mmoja watoto wa mpira wa dola 35 hawakuwa na hali mbaya kuliko wa dola 650.

Mzee aliuliza, "Kwa hiyo mpira wa India ndio huohuo utakaowekwa Mwanza?" Tabibu akasema inawezekana kabisa. Mzee akatoa 20,000 palepale na kuomba jina lake liandikwe mwanzo wa ukurasa. Nimeliandika.

Wapo waliotaka tungoje kambi ya madaktari, kwa kuwa mwaka 2016 madaktari wa MOI kutoka Muhimbili walizunguka mikoani kwa ufadhili wa GSM Foundation wakiwafanyia upasuaji watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Ilikuwa kazi kubwa, na natamani irudi hata kesho. Tabibu akajibu kwamba kila wiki ya kungoja maji yanazidi kuukandamiza ubongo kwenye fuvu, na sehemu iliyoharibika haioti tena. Hatungoji.

Jumatano, 16 Julai

Maneno yameanza kisimani. Mara mama alivuka kaburi akiwa na mimba, mara kuna mtu alimwonea kijicho. Bibi mzaa mama ameingiwa na hofu, anataka mtoto apelekwe kwanza kwa mganga ng'ambo ya bonde, halafu ndiyo hospitali.

Nimekwenda kukaa naye jikoni kwake. Sikumbishia mila. Nilimkumbusha ile homa ya wiki ya tatu na degedege lake, maana yeye ndiye aliyekesha. Nikamwambia kwamba Mbale waliona zaidi ya nusu ya watoto wao walipata maji kichwani baada ya maambukizi ya utotoni, wengi wakiwa hawajatimiza hata mwezi. Na mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba kwenye maji ya ubongo ya baadhi ya watoto hao wa Uganda wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta. "Bibi," nikasema, "wenye maabara wamehangaika miaka kumjua mdudu huyo. Binti yako angemjuaje, amkinge mtoto wake?"

Akanyamaza sana. Kisha akafungua pindo la kanga, akanipa 5,000. "Andika ni ya bibi yake. Na hiyo safari ya kwa mganga niachie mimi, nitaiahirisha."

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Barua yetu imenakiliwa, mhuri na kila kitu, ila namba ya simu imebadilishwa. Chini wameongeza maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: ile hela itume kwenye namba hii. Imesambaa kwenye kundi moja la Dar es Salaam, na ndugu mmoja ametuma 50,000 akidhani anamsaidia binti yetu. Alinipigia kuuliza kama imefika. Ilinibidi nimwambie.

Nimetuma taarifa ya utapeli kwenda 15040, katibu amepeleka nakala polisi Kibondo, na tumetuma tangazo la sauti, sauti yangu mwenyewe kwa Kiswahili kisha ya mwenyekiti kwa Kiha, likitaja namba sahihi na jina. Mtu anayeiba sadaka ya mtoto mgonjwa anaiba mara mbili, maana anayefuata kuomba kwa haki naye hataaminiwa. Nina hasira hata kalamu inatetemeka.

Kuanzia leo kila jioni saa moja natuma jumla: zilizoingia, kutoka kwa wangapi, zilizotoka, za nini. Fedha taslimu zinakaa kwenye sanduku tuliloazimwa na kina mama wa VICOBA, lile la bati lenye kufuli tatu. Sanduku liko kwangu. Funguo ziko kwa katekista, fundi baiskeli na bibi mmoja anayeuza mawese gulioni. Bila wote watatu halifunguki, nami sina hata mmoja.

Jumapili, 20 Julai

Harambee. Sijui niandike nini kwanza.

Tuko kwenye mavuno, hiyo ndiyo salama yetu. Mwezi wa pili tungepata baraka tu. Watu walikuja na maharage, makopa ya muhogo, mkungu wa ndizi, dumu la asali. Kila kitu kilipigwa mnada. Kuna jogoo aliyenunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, mpaka mwenyewe akachoka kupiga kelele. Msikiti ulikuwa umechangisha wao Ijumaa, wakaleta kwenye bahasha pamoja na orodha ya majina. Watoto wa darasa la tano, darasa langu, walileta sarafu kwenye kopo la maziwa; tulizihesabu mara mbili mbele yao ili waone hesabu inavyofanywa.

Taslimu 1,036,500. Kwa simu hadi jioni 618,000. Jumla 1,654,500, na bado magunia mawili ya maharage hayajauzwa. Yakiuzwa, tumefika.

Jumatatu, 21 Julai

Nimelala kidogo. Kuna jambo ambalo tabibu alilisema siku ile kwa sauti ya chini wakati watu wanaondoka, nami silioni popote kwenye bajeti yetu.

Mpira huziba. Huweza kuingia vijidudu. Mwingine hukaa miaka bila shida, mwingine hushindwa ndani ya miezi michache. Ukiziba, maji yanarudi, na mtoto anatakiwa hospitali yenye mpasuaji wa ubongo kwa haraka. Anayeishi Mwanza anapanda daladala. Sisi tuna bodaboda hadi Kibondo, kisha basi la Kakonko, Nyakanazi, Geita, Sengerema. Hilo ndilo lililomsumbua Warf kule Mbale: watoto wake walitoka vijiji vya mbali kama chetu, na mpira ulioziba ukimkuta mtoto porini unamuua. Ndipo akaunganisha njia nyingine: kuingia kwa kamera nyembamba, kufungua tundu kwenye sakafu ya chumba cha ubongo ili maji yapate njia, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Akifanikiwa hakuna mpira wa kuziba. Si kila mtoto anafaa kwa njia hiyo, na mwaka 2017 utafiti uliofanywa Mbale kwa watoto 100 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili haukutofautiana kati ya waliofanyiwa hivyo na waliowekewa mpira. Wataalamu wataamua wakimwona. Lakini vyovyote watakavyoamua, sisi tunakaa mbali, na umbali huo ni sehemu ya ugonjwa wake.

Nimewaambia wenzangu tutenge 400,000 sasa hivi, kabla basi halijaondoka, iitwe fedha ya kurudi, isiguswe hata wakikwama kidogo kwa chakula. Fundi baiskeli amesema tunajiombea mkosi. Nikamuuliza kwa nini yeye hutembea na viraka vya tairi. Amekubali, ila kwa shingo upande.

Alhamisi, 24 Julai

Wameondoka alfajiri, mama, mtoto na shangazi yake. Baridi ya Julai ilikuwa kali, tukamfunika kwa blanketi mbili. Jioni shangazi amepiga kutoka Mwanza. Ameshangaa zaidi daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 19 Juni mwaka huu: kilomita tatu juu ya maji, basi halikusimama. Zamani pale walisubiri kivuko, na mtoto akizidiwa foleni ni ileile. Nilipoweka simu nilishukuru kwa sauti, peke yangu chumbani.

Jumanne, 29 Julai

Ameingizwa chumba cha upasuaji saa nne asubuhi. Ametoka. Amewekewa mpira. Saa kumi na moja amenyonya.

Kundi lote linaandika amina. Nami nimetuma jumla ya leo kama kawaida.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Wamerudi. Nimempakata tena. Kichwa bado ni kikubwa na mama ameelezwa kwamba hakitasinyaa ghafla. Mwili ndio utakifuata. Utosi uliokuwa umevimba umelala. Nyuma ya sikio la kulia kuna kivimbe kidogo kigumu, ndiyo vali, na ukipitisha kidole taratibu shingoni unausikia mpira chini ya ngozi. Na macho yamepanda. Amenitazama usoni, ameniangalia kweli.

Mama amefundishwa dalili na anazitaja bila kusoma: kutapika, homa, usingizi usioamshika, utosi kuvimba, macho kushuka tena, wekundu kwenye njia ya mpira. Nilimwomba amfundishe na baba, na Bibi, na binti mkubwa wa darasa la nne. Wanne wanaojua ni bora kuliko mmoja aliyeenda shamba.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao cha hesabu. Ustawi wa jamii walimpunguzia, kwa hiyo pamoja na ile 400,000 zimebaki 520,000. Nilisoma kila mstari. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wapo waliotaka sherehe ya shukrani, na ng'ombe alishatajwa. Wapo waliotaka wapewe wazazi zote waanzishe biashara. Wapo waliosema mtoto amepona, fedha zirudi kwa waliotoa.

Nilisimama na kusema mtoto hajapona kwa maana hiyo. Anaishi na mpira, na ataishi nao. Ana kliniki Mwanza, ana mazoezi ya kukaa na kusimama, na ana usiku fulani ambao hatuujui. Watu walitoa ili aishi, na kazi hiyo haikuishia mezani kwa mpasuaji. Baba mtoto, ambaye ni mkimya, akasema yeye hataki ng'ombe. Anataka siku mtoto akitapika saa saba usiku asilazimike kwenda kugonga milango kuomba nauli.

Tulipiga kura kwa mikono. Fedha zinabaki sandukuni. Zinatumika kwa matatizo ya kichwa na mpira tu. Usiku wa dharura wenye funguo wanaamshwa bila kikao. Nami nasoma hesabu kila mwisho wa mwezi.

Jumapili, 12 Oktoba

Usiku wa kuamkia jana walinigongea. Homa, kutapika mara tatu, mtoto amelegea. Katekista alifika na ufunguo akiwa hajavaa viatu, yule bibi wa mawese alifika wa pili, fundi baiskeli wa tatu. Tumetoa 60,000. Bodaboda mbili, na kabla hapajapambazuka walikuwa Kibondo hospitali.

Utosi ulikuwa umelala. Vali haikuwa na shida. Kipimo kilionyesha malaria. Amewekewa dripu, amepewa dawa, anaendelea vizuri.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesikia gulioni kwamba fedha za mpira zimetumika kwa malaria ya kawaida, kwamba mama ni mwoga na kamati imeshindwa kumzuia. Jioni kwenye kikao mmoja akalisema wazi, akataka 60,000 ziandikwe kuwa deni la wazazi.

Nimekataa. Usiku ule nyumbani hakuna mtu angeweza kutofautisha malaria na mpira ulioziba; homa ni ileile, kutapika ni kulekule. Mama alifanya alichofundishwa, saa ileile aliyofundishwa. Tukimdai leo, siku mpira utakapoziba kweli atakaa akipiga hesabu ya deni hadi asubuhi. Katekista aliunga mkono, na fundi baiskeli, ambaye sikumtegemea, akasema yeye ataamka tena hata iwe mafua.

Nimeandika kwenye daftari: 60,000, nauli na dawa, Kibondo, homa. Matumizi halali. Sanduku lina 460,000, na Jumapili ijayo tunapitisha kopo kanisani na msikitini kuzirudisha hizo sitini.